Misuli ya Tumbo Ikiachana Baada ya Uzazi: Namna ya Kuamua Kama Upasuaji Unahitajika

Mwanamke aliyejifungua mwaka mmoja na nusu uliopita anapanda daladala asubuhi, na kijana mstaarabu anainuka kumpisha: "Kaa mama, usisimame na hali hiyo." Hana mimba. Anakaa hata hivyo, kwa sababu kujieleza mbele ya abiria wote hao ni aibu kubwa kuliko kunyamaza, na akishuka anaanza kuulizia kama ni kweli kwamba kuna upasuaji wa kurudisha tumbo. Katika kazi yangu ya fiziotherapia, wengi wanaoniletea swali hilo huwa wameshapewa majibu mawili yanayopingana: shangazi amewaambia wakaze kanga zaidi, na mwingine amewaambia kwamba bila kisu tumbo hilo halirudi ng'o. Yote mawili yamekosea. Jibu la kweli hupatikana kwa kufuata hatua chache kwa mpangilio wake, ambazo nyingi huanzia nyumbani, na ni wachache tu wanaozifuata mpaka mwisho wakajikuta mbele ya daktari wa upasuaji.

Ni nini hasa kilichoachana

Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu inayoshuka sambamba kutoka chini ya mbavu mpaka kwenye mfupa wa kinena. Katikati yake kuna utepe mweupe wa kano, mwembamba lakini mgumu, unaoiunganisha mithili ya ushono unaounganisha vipande viwili vya nguo. Mimba inapokua, utepe huo hulainika na kupanuka ili mtoto apate nafasi, na misuli husogea pembeni, mmoja kulia na mwingine kushoto. Hakuna kilichochanika. Karibu kila mjamzito anayefikia miezi ya mwisho huwa na mwachano huo, awe mwembamba au mnene, awe na mimba ya kwanza au ya tano.

Baada ya kujifungua utepe huanza kujikaza wenyewe, kwa kasi katika wiki za mwanzo na polepole baadaye. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016, uliowafuatilia wanawake 300 waliozaa kwa mara ya kwanza, ulikuta kwamba wiki 6 baada ya uzazi asilimia 60 walikuwa bado na mwachano, miezi 6 baadaye asilimia 45, na mwaka mmoja baadaye asilimia 33. Jambo jingine lililoonekana humo, ambalo ningependa kila mama alisikie, ni kwamba waliokuwa na mwachano baada ya mwaka hawakuwa na maumivu zaidi ya kiuno na nyonga kuliko wale ambao misuli yao ilikuwa imerudi. Kwa hiyo, mtu anayekwambia kwamba mgongo wako utaharibika usipofanyiwa upasuaji anasema asichokijua, au ana anachokiuza.

Wapo wanaomlaumu daktari aliyewatoa mtoto kwa upasuaji. Kwa kawaida misuli hii haikatwi katika upasuaji huo, bali husogezwa pembeni baada ya ngozi na tabaka zilizo juu yake kufunguliwa, na mwachano wenyewe ulikuwapo kabla ya mama kuingia chumba cha upasuaji. Wala haifai kumwomba daktari "amalizie kabisa" kwa kuishona misuli wakati huohuo, maana siku hiyo utepe umelegea kupita kiasi na sehemu kubwa ya ulegevu huo itaondoka bila kuguswa na mtu. Watoto wachanga nao huwa na mwachano unaojifunga wenyewe wanapokua, na wanaume wenye vitambi vikubwa huupata pia, ila hapa nitabaki na kina mama.

Jipime mwenyewe, lakini pima mambo mawili

Subiri kwanza wiki 6 zipite tangu siku ya kujifungua, na kama ulijifungua kwa upasuaji, subiri mpaka kidonda kipone na daktari akuruhusu. Kisha lala chali juu ya mkeka au godoro gumu, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Weka ncha za vidole vyako juu kidogo ya kitovu, vikiwa vimelala kukatiza tumbo. Toa pumzi, kisha inua kichwa na mabega kidogo tu, kama mtu anayetaka kuona vidole vyake vya miguu. Hapo utahisi kingo mbili ngumu zikijongea kutoka pande zote mbili kuvielekea vidole. Kingo hizo ndizo misuli yenyewe. Hesabu ni vidole vingapi vinavyoingia kati yake, kisha rudia kwenye kitovu na tena chini yake, kwa sababu nafasi huweza kuwa kubwa mahali pamoja na ndogo kwingine.

Wataalamu wengi huita mwachano pale upana unapozidi sentimita 2, yaani kidole kimoja na nusu au viwili kutegemea mkono wa anayepima. Lakini upana ni nusu tu ya kipimo. Nusu ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kina na ugumu wa utepe: bonyeza taratibu palepale katikati huku kichwa kikiwa kimeinuka. Je, vidole vinakutana na kitu kinachodunda kama ngozi ya ngoma, au vinazama kana kwamba vinabonyeza unga uliokandwa? Nimewapima akina mama wenye nafasi ya vidole vitatu ambao utepe wao ulikuwa mgumu na walikuwa wakibeba mizigo bila shida yoyote, na nimewapima wenye vidole viwili na nusu ambao tumbo lilikuwa likichomoza kila walipokohoa. Wa kwanza hawana ugonjwa. Angalia pia umbo la tumbo unapoinuka kitandani: likijitokeza katikati kwa urefu kama mgongo wa mtumbwi uliofudikizwa, ujue kwamba utepe haujaweza kulizuia shinikizo la ndani.

Kipimo cha vidole kinatosha kukuonyesha pa kuanzia, ingawa vidole vya watu wawili havilingani. Anayehitaji namba kwa ajili ya kuamua kuhusu upasuaji atapimwa kwa altrasaundi.

Hakikisha kwamba tatizo si jingine

Tumbo kubwa halimaanishi mwachano. Uvimbe katika mfuko wa uzazi, uvimbe kwenye ovari, maji tumboni, mafuta ya kawaida, gesi na hata mimba mpya vyote hulikuza tumbo, na nimemwona mama aliyefanya mazoezi kwa miezi minne kumbe alikuwa na uvimbe wa mfuko wa uzazi ulioonekana kwa altrasaundi ya dakika chache. Dalili ya mwachano ni kwamba tumbo hujitokeza katikati hasa unapokaza misuli, na likilegea ukiwa umelala hutulia. Tumbo linalobaki gumu na limejaa hata ukiwa umelala, linaloendelea kukua, au linaloambatana na hedhi nzito, kukonda au homa, lipelekwe kwa daktari kabla ya zoezi lolote.

Kitu cha pili cha kutenganisha na mwachano ni ngiri. Katika mwachano utepe umepanuka lakini haujatoboka, kwa hiyo hakuna mahali ambapo utumbo unaweza kupenya na kubanwa. Katika ngiri kuna tundu halisi, mara nyingi kwenye kitovu au juu yake kidogo, na kitu huchungulia kupitia hapo: kivimbe cha duara unachoweza kukishika kwa vidole, kinachotoka ukikohoa na kurudi ukilala. Mambo haya mawili hukutana mara nyingi kwa mtu mmoja, na ngiri ikiwapo mjadala wote wa upasuaji hubadilika. Kivimbe kikiwa kigumu ghafla, kikauma, kikagoma kurudi, au ukaanza kutapika na kushindwa kutoa hewa wala choo, nenda hospitali usiku huohuo; usikandwe, usisubiri asubuhi.

Miezi ya kuupa mwili nafasi

Desturi zetu za uzazi zina hekima yake hapa. Arobaini humpumzisha mama asibebe ndoo, asideki, asitwange, katika wiki zilezile ambazo utepe unajikaza kwa kasi. Kufunga tumbo kwa kanga au mkanda nako humpa mama egemeo na kumpunguzia maumivu anapotembea, na sina ugomvi nako ilimradi kusibane pumzi wala kusisukume uzito kuelekea chini kwenye nyonga. Kinachonisumbua ni imani kwamba kanga ndiyo inayoirudisha misuli. Kanga hushikilia kwa muda ule iliofungwa. Ukiifungua, tumbo hurudi mikononi mwa misuli ileile, na misuli hupata nguvu kwa kufanyishwa kazi tu. Kukandwa kwa maji ya moto juu ya kidonda cha upasuaji ni hatari, na hilo sina namna ya kulilainisha.

Anza na pumzi. Ukiwa umelala chali magoti yamekunjwa, vuta pumzi mpaka mbavu zitanuke pembeni, kisha unapoitoa polepole bana misuli ya chini kama anayezuia mkojo, na uvute sehemu iliyo chini ya kitovu ndani, taratibu, bila kukunja mgongo na bila kuzuia pumzi. Shikilia kwa sekunde 5 hadi 10, legeza, rudia mara 10, na fanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku. Linaonekana zoezi la kitoto. Hata hivyo, misuli ya ndani inayozunguka tumbo kama mshipi ndiyo inayouvuta utepe kutoka pembeni na kuupa ugumu, na mama wengi baada ya uzazi hushindwa kabisa kuiamsha katika siku za kwanza. Ikishaamka, ongeza: telezesha kisigino kimoja mpaka mguu unyooke na ukirudishe, inua makalio huku mabega yakibaki chini, piga magoti na viganja chini kisha nyoosha mkono mmoja mbele, halafu simama na ufanye mazoezi ya kuinua kitu chenye uzito.

Kanuni inayotawala haya yote ni moja: zoezi lolote linalolifanya tumbo lichomoze katikati bado ni zito kwako kwa leo, na lile lisilolichomoza ni ruhusa ya kuongeza. Kwa sababu hiyo mazoezi ya kuinuka kutoka chali kwa mkupuo huachwa mwanzoni, na kwa sababu hiyohiyo kitandani unageukia ubavu kwanza kisha unajisukuma kwa mkono. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Ijaze nusu, isogeze karibu na mwili, kunja magoti, na toa pumzi wakati wa kuinua badala ya kujibana. Sikubaliani na wale wanaowatisha kina mama wasibebe chochote maisha yao yote. Tumbo linaloogopwa kutumiwa hudhoofika zaidi.

Niseme wazi kile ambacho mazoezi hayafanyi. Mara nyingi hupunguza upana kwa kiasi kidogo tu, na hayaondoi ngozi iliyolegea. Yanachorudisha ni uwezo: kubeba mtoto bila kuchoka, kukohoa bila tumbo kuchomoza, kufua ukiwa umeinama bila kiuno kukata. Wengi wakifika hapo husahau kabisa kuhesabu vidole.

Wakati upasuaji unapokuwa jibu

Madaktari wa Sweden, nchi ambayo imelishughulikia suala hili kwa muda mrefu, wametoa mwongozo wao wa kitaifa wenye masharti ambayo naona yanafaa kupimia hata huku kwetu: mwachano uwe umefikia sentimita 5 au zaidi, uwe unamzuia mama kufanya shughuli zake, awe amefanya mazoezi yanayosimamiwa kwa angalau miezi 6 bila mafanikio ya kutosha, miaka 2 iwe imepita tangu uzazi wa mwisho, na asiwe anapanga kuzaa tena. Mwachano mwembamba kuliko huo nao huweza kufikiriwa pale tumbo linapochomoza sana au panapokuwa na ngiri katikati ya tumbo.

Sharti la kutozaa tena huwaudhi wengi, na ninalielewa, hasa pale ambapo uamuzi wa idadi ya watoto haumo mikononi mwa mama peke yake. Sababu yake ni kwamba mimba mpya itaupanua tena utepe ulioshonwa na kazi yote inaweza kupotea. Si kwamba mimba baada ya upasuaji ni hatari ya moja kwa moja, ni hasara. Basi zungumza na mwenzako kabla ya kuzungumza na daktari, na kama bado mnatafuta mtoto mwingine, ahirisheni.

Katika masharti hayo, la uwezo wa kufanya kazi ndilo zito kuliko yote. Namkumbuka mama muuza mboga, mwenye watoto wanne, ambaye mwachano wake ulipita vidole vinne na utepe wake ulikuwa laini kiasi kwamba mawimbi ya utumbo yalionekana chini ya ngozi. Alifanya mazoezi kwa miezi minane bila kukosa, akaongeza nguvu za miguu na mgongo, lakini kila alipojaribu kuinua tenga la nyanya tumbo lilitoka mbele na mikono ikaishiwa nguvu. Alianza kumlipa kijana wa kumbebea, na faida yote ikaishia kwa kijana. Huyo nilimwandikia barua ya rufaa bila kusita. Katika wiki hiyohiyo nilikutana na mwingine, mwenye vidole viwili na nusu na utepe mgumu, aliyetaka kukopa fedha ili apasuliwe kabla ya harusi ya mdogo wake. Kutamani umbo la zamani si dhambi, na mtu mzima ana haki ya kuulipia mwili wake, lakini nilimweleza kwamba atakuwa amenunua urembo, wala si tiba, na kwamba deni litadumu kuliko harusi. Aliondoka hajafurahi.

Ngiri ikiwapo, hesabu hubadilika. Kushona tundu peke yake katikati ya utepe uliolegea ni sawa na kutia kiraka kwenye nguo iliyochakaa pande zote: kiraka kitashika, lakini kitambaa kinachokizunguka kitaachia. Kwa hiyo mwulize daktari atakayekutibu ngiri kama ameupima mwachano pia, na kama anakusudia kuvirekebisha vyote kwa pamoja.

Unapofika kwa daktari wa upasuaji

Kinachofanyika, kwa lugha nyepesi, ni kuukunja ule utepe uliopanuka na kuushona kwa urefu ili misuli miwili ikutane tena katikati. Wakati mwingine huwekwa wavu wa kuimarisha, hasa kukiwa na ngiri. Daktari anaweza kuingia kupitia mkato mrefu wa chini ya tumbo na papo hapo kuondoa ngozi iliyozidi, au kupitia matundu madogo kwa kutumia kamera, njia ambayo haiigusi ngozi iliyolegea. Kazi hii hufanywa na madaktari bingwa wa upasuaji wa jumla na wale wa kurekebisha maumbile, ambao hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za rufaa. Bima nyingi huihesabu kuwa urembo na kukataa kuilipia, kwa hiyo ulizia mapema, ukiwa na kipimo cha altrasaundi na maelezo ya maandishi kuhusu kazi usizoweza kufanya na mazoezi uliyokwisha kufanya. Ngiri ikiandikwa humo, mazungumzo na bima huwa mepesi zaidi.

Mwulize daktari amefanya upasuaji wa namna hiyo mara ngapi, atatumia njia gani na kwa nini, na nini kitafanyika ukipata matatizo baada ya kurudi nyumbani, hasa kama unakaa mbali. Akueleze pia madhara yanayoweza kutokea: kidonda kupata maambukizi, majimaji kujikusanya chini ya ngozi, ganzi ya muda mrefu kwenye ngozi ya tumbo, damu kuganda miguuni na kusafiri hadi mapafuni, na mwachano kurudi. Kama ngozi yako huota makovu makubwa yanayoinuka, mwonyeshe kovu la zamani ili alijue hilo kabla hajashika kisu. Anayevuta sigara atatakiwa kuacha, anayenyonyesha kwa kawaida ataombwa amalize kwanza, na mwenye uzito mkubwa ataombwa aupunguze na utulie, kwa sababu mafuta ya ndani ya tumbo huusukuma ushono kutoka ndani.

Usiku wa kwanza utaambiwa usimame na kutembea ukiwa umeinama kidogo. Fanya hivyo, kwa sababu kutembea huzuia damu kuganda. Mkanda wa tumbo utauvaa kwa wiki kadhaa kama utakavyoelekezwa. Mizigo mizito huwa marufuku kwa wiki 6 hadi 8, na mtoto wa miaka miwili ni mzigo mzito, kama ilivyo ndoo, gunia la mkaa na beseni la nguo mbichi. Baadaye utarudi kwenye mazoezi yaleyale ya pumzi uliyoanza nayo, maana misuli iliyoshonwa haijui kazi yake mpaka ifundishwe upya. Kabla ya kukubali tarehe, kaeni nyumbani mtaje kwa majina nani atachota maji, nani atambeba mtoto, nani atafungua genge. Na kama majina hayapatikani, omba tarehe nyingine.